Posa ya Ndoo

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo: mtu akikutania kila uchao, miaka nenda miaka rudi, siku akikuambia la kweli utalijua kwa alama gani?

Swali hilo ndilo lililomnyima raha Bi Justa wa Rutamba mwaka ule walipokuja wachimba visima. Bi Justa alikuwa mjane, mtu mzima mwenye wajukuu, mpishi wa karamu za parokia na za wageni wote wanaoingia kijijini. Ng'ambo ya njia, mkabala na jiko lake, alikaa Mzee Valentini, mgane, fundi baiskeli. Justa alikuwa Mmwera. Valentini alikuwa Mmakonde wa kule juu, upande wa Newala. Basi hapo umeshajua: watani. Na mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote mbele ya yeyote, nawe huna ruhusa ya kununa. Akikuita mchawi, cheka. Akimbeba kuku wako, mwambie akamchinje vizuri. Akikuita mke wake, cheka zaidi.

Valentini alimwita Justa "mke wangu" tangu enzi za marehemu mumewe, Severini, na Severini mwenyewe alikuwa akijibu, "Mchukue, ila akikuchosha usimrudishe." Siku ya mazishi ya Severini, Valentini alilala kifudifudi katikati ya njia ya makaburini, akapiga kelele kwamba jeneza halipiti mpaka marehemu amrudishie pampu yake ya baiskeli. Watu walicheka huku wanalia, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Lakini jioni yake Justa alimkuta nyuma ya banda la kuni, peke yake, anafuta uso kwa kofia. Tangu siku ile kila alipoitwa "mke wangu" alicheka kama kawaida, ila kicheko kilichelewa kidogo kutoka.

Sasa mwana wa Valentini, Erasmo, alikuwa ametuma salamu kutoka Newala. Baba amezeeka, aache kukaa ugenini peke yake kama bundi; mvua zikikatika tu, atakuja kumchukua na godoro lake. Na mvua zilikuwa zinaelekea kukatika.

Justa alitaka kitu kimoja: Valentini asiende. Lakini atamwambiaje? Mwanamke akimwambia mtani wake "baki," mtaa mzima utashika mbavu, na mtani mwenyewe atamjibu kwa tusi zuri, na maneno yatakuwa yamekwisha hapo, yamepotea kama chumvi iliyomwagika kwenye mchanga. Na Valentini naye alishajaribu upande wake. Pasaka iliyopita, kwenye karamu, alisimama na sahani mkononi akasema, "Ndugu zangu, leo sitanii. Nataka kumwoa Justa." Watu walicheka mpaka benchi likavunjika mguu. Katekista alipaliwa na soda. Justa mwenyewe alicheka kabla hajajua anacheka nini, mdomo ulishazoea. Valentini aliwatazama, akatabasamu, akaketi, akaomba aongezewe mchuzi. Hakurudia tena.

Mtu mmoja tu alikuwa ameshanusa jambo, naye ni Antonia, dada wa marehemu, wifi yake Justa.

"Wifi," alisema siku moja, "ugali wako siku hizi unausonga huku unatazama barabarani. Ndiyo maana una madonge."

"Kula, nyamaza."

"Ninakula. Nasema tu kwamba barabara haijakuomba ugali."

*

Wachimba visima walikuja na lori, mtambo mrefu kama twiga aliyelala, na mkalimani. Mkalimani alikuwa Edwin, mpwa wake Justa, kijana wa Lindi mjini, aliyesoma. Wageni walikuwa watatu, watu wa kujitolea. Mareki alitoka Poland, mrefu, masikio mekundu kwa jua. Stoyani alitoka Bulgaria, mnene, ana masharubu. Wa tatu alikuwa mwanamke, Lenka, Mcheki, mdogo wa umbo lakini ndiye aliyekuwa akiwafokea wenzake, na ndiye aliyejua mtambo unaumwa wapi.

Habari zilipoenea kwamba ni watu wa mataifa hayo, Valentini alifunga kibanda chake cha baiskeli akavaa shati la kanisani. Maana Valentini, usisahau, alikuwa na sifa moja ambayo Rutamba yote ilikuwa imeisikia mpaka imechoka. Ujanani alikuwa msaidizi wa mpishi katika meli ya mizigo. Alifika Odesa, alifika Varna, alifika Gdansk, alifika Rijeka, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa anasema lugha za huko zote.

"Zote?" Antonia alikuwa akimuuliza kila mwaka.

"Zote. Hakuna bandari niliyoshuka nikaomba kitu nisipewe."

Basi watu wakakusanyika uwanjani kumtazama Mmakonde akiaibika. Mwenyekiti wa kijiji alimsogeza mbele. Valentini akajikohoza, akamtazama Mareki usoni, akatamka kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi:

"Voda!"

"Hilo si jina la mtandao wa simu?" Antonia alinong'ona.

Lakini Mareki alikuwa ameshasimama wima. "Woda! Tak, woda!" Akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. Stoyani naye akasukuma mbele tumbo lake: "Voda!" Akaling'ang'ania neno lile mwishoni, kama mtu anayeweka mzigo chini. Mareki yeye alikuwa ameliegemea mwanzoni.

"Hao ni watu wa pwani," alisema Antonia kwa sauti. "Bandari zao alifika. Huyo bibi, Edwin amesema, kwao hakuna bahari hata ya kunawia mikono. Kwa huyo Mmakonde ataumbuka."

Valentini alimgeukia Lenka. Kwa mara ya kwanza Justa aliona jasho kwenye paji lake la uso. "Voda?" alisema polepole, kwa adabu, kama anayebisha hodi.

Lenka akaangua kicheko. "Voda," akajibu. Akachukua chupa ya maji iliyokuwa kiunoni mwake, akampa.

Makofi yalipigwa mpaka kuku wakaruka uzio. Valentini alikunywa yale maji yote palepale, akajifuta mdomo, akatazama upande wa Justa. "Umeona, mke wangu? Na wewe ulidhani umeolewa na mjinga."

"Sijaolewa," alijibu Justa, "na ujinga nimeshauona." Watu wakacheka. Naye Valentini akacheka, akarudi kibandani kwake, na Justa akabaki anajiuliza kwa nini ulimi wake una mbio kuliko yeye.

*

Usiku wa kuamkia kazi, Edwin aliwakalisha wageni mkekani kwa Justa kwa chakula: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, perege wa ziwani. Hapo ndipo taabu ya Stoyani ilipoanza. Kila Justa alipomwonyesha bakuli kumuuliza kama aongeze, Stoyani alitikisa kichwa kushoto na kulia. Justa, mtu wa heshima, aliondoa bakuli. Stoyani akalifuata kwa macho kama mtoto anayeona mama yake anapanda gari.

"Huyu hali vizuri," alisema Justa. "Labda kisamvu hakimwafiki."

Valentini alikuwa pale pia, maana mtani haalikwi. Mazungumzo yakarudi kwenye neno lake. Lenka alichukua kijiti cha kuni akaandika kwenye mchanga jinsi kila mmoja wao anavyoliandika, na wote watatu wakaanza kubishana, kila mmoja akitamka la kwao kana kwamba la mwenziwe ni ugonjwa. Edwin alitafsiri huku anatafuna. Wapolandi wanalianza kwa herufi nyingine lakini sauti ni ileile. Waukreni, Waserbia, Waslovenia, Wamasedonia, wote *voda*. Warusi wanaandika hivyohivyo ila wakilisema linatoka kama *vada*, na jirani zao wa Belarusi wameamua hata kuliandika hivyo. Tena kuna watu wachache wanaoishi ndani ya nchi ya Wajerumani, Wasorbi, wamezungukwa na Kijerumani pande zote, lakini wakisikia kiu, ni neno hilohilo.

"Hata sisi," alisema Valentini. "Kwetu *medi*, Wayao *mesi*, Waswahili *maji*. Ukichungulia utaona sura moja."

Antonia alitafakari, akatema mwiba wa perege. "Mimi naona hivi. Hawa walikuwa ndugu, wakagombana, wakagawana kila kitu mpaka vijiko. Maji ndiyo yakakataa kugawanyika."

Edwin alipotafsiri, Stoyani alitikisa kichwa kwa nguvu, kushoto, kulia.

"Amekataa," alisema Antonia, akanuna.

"Lakini ninyi mnajivunia maji gani?" Justa alimgeukia Valentini, maana kimya kilianza kuingia na yeye aliogopa kimya. "Watu mliozaliwa juu ya mlima mkavu. Mnaoga umande!"

Hilo ndilo tusi la zamani kuliko yote, na Valentini alilipenda. "Ndiyo! Bibi yangu alikuwa akishuka bondeni na giza, akipanda na mtungi jua likiwa utosini. Ndiyo maana kule kwetu mwanamke haposwi kwa barua wala kwa kanga. Mwanamume anashuka bondeni, anapandisha ndoo kwa kichwa chake, anakwenda kuimimina katika chombo cha huyo mwanamke. Chombo kikipokea, basi, posa imepokewa. Hakuna maneno. Maneno kila mtu anayo, maji je? Ninyi Wamwera mmezaliwa na ziwa mlangoni. Ndoo ya maji mnaoshea miguu ya bata!"

"Ndiyo maana kwenu mlikuwa mnaoa mkiwa wazee," alijibu Justa. "Ndoo ilikuwa inafika nusu, inabidi urudi."

Kila mtu alicheka. Valentini alicheka kuliko wote. Halafu akawatazama wale wageni watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa jicho la fundi aliyeona spana inayofaa.

*

Siku mbili baadaye mtambo ulikatika kifaa, na Edwin akapanda basi kwenda Lindi kukitafuta. Wageni wakabaki bila mkalimani. Asubuhi hiyo Justa, akipepeta unga barazani, aliwaona kwa mbali wamekaa kwenye kivuli cha lori na Valentini amesimama mbele yao. Mzee alikuwa anafanya mambo. Aliweka mkono kifuani. Alinyoosha kidole moja kwa moja kwa nyumba ya Justa. Alichora ndoo hewani, akaiweka kichwani, akatembea hatua chache akiyumba, akaimimina, akafumba mikono kama anayesali. "Voda!" akasema. Akaonyesha tena nyumba ya Justa. "Voda, voda!" Akapiga magoti.

"Ananicheka kwa wageni," alisema Justa moyoni. Akapepeta kwa hasira mpaka nusu ya unga ikaenda kwa jirani.

Saa hiyohiyo Mareki alitokea mlangoni na ndoo ya maji, masikio yakiwaka. Aliinama, akaitua, akasema, "Woda, Mama Justa."

"Haya! Ahsante, baba. Ahsante sana." Justa alimimina mtungini. Maji ni baraka, nani akatae? Mareki akaondoka.

Kidogo Stoyani naye huyo, ndoo mbili, moja kila mkono. Akajaza mtungi wa pili. Halafu Lenka, na beseni.

Jioni Justa alimwona Valentini akipita nje ya uzio. Alisimama. Alitazama ile mitungi, akamtazama yeye, kama mtu anayengoja aambiwe jambo.

"Umekosa nini?" Justa alimuuliza.

"Hujaletewa salamu yoyote?"

"Salamu ya nani? Nimeletewa maji tu na wazungu wako, wamepatwa na wazimu."

Valentini alivuta kofia usoni, akaenda zake. Asubuhi yake Justa alimwona tena kwenye lori, safari hii anarukaruka. "Voda! Voda! Justa! Voda!" Wageni walitazamana kwa huruma. Lenka aliweka mkono mdomoni. Na siku hiyo yalikuja maji ambayo Rutamba haijawahi kuyaona yakiingia nyumba moja. Walikuja na pipa kwenye toroli. Walijaza sufuria za karamu za parokia. Walijaza beseni la kufulia. Vyombo vilipokwisha, Lenka alitazama huku na huku, akaona kinu, akajaza kinu.

"Nitatwangia wapi?" alilalamika Justa. Lenka akampapasa bega, machozi yamemlengalenga.

Antonia alifika akakuta bata wanaogelea kwenye karai. Alisimama, akashika kiuno, akatazama ndoo, akatazama wageni wakiishia kona, na mara alipiga ukelele uliofika sokoni.

"Wifi! Umeposwa na Poland!"

"Nini?"

"Si mwenyewe Mmakonde alisema? Mwanamume anabeba ndoo kwa mikono yake, anamimina chomboni mwako, nawe umepokea! Umepokea kwa Mareki. Umepokea kwa Stoyani." Akahesabu kwa vidole, akaishia kwa Lenka, akakwama. "Huyo bibi sijui kwao wanafanyaje."

Basi ndiyo habari iliyolala na kijiji. Wanawake waliotoka kisimani walimpisha Justa njiani na kumpigia vigelegele. Katekista alimuuliza kama Poland ndoa za mseto zina shida, ingawa kila mtu alijua Wapolandi ni Wakatoliki wenzetu. Justa aliwajibu wote kwa matusi mepesi, lakini ndani alikuwa na swali. Hawa watu walifundishwa na nani kubeba ndoo? Yule mzee aliyekuwa akipiga magoti kivulini, alikuwa anacheka, au?

Alimvizia Stoyani akiwa peke yake, ameketi akinyoosha shati. Akamwonyesha ndoo. Akamwonyesha kibanda cha baiskeli ng'ambo. "Valentini?" akauliza, polepole. "Amekutuma Valentini?"

Stoyani akamtazama kwa upole, akatikisa kichwa. Kushoto, kulia, kushoto.

Siyo yeye.

Justa alirudi jikoni akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Hakukuna. Antonia aliyekuwa akichambua mchicha alimtupia jicho, akaendelea kuchambua.

"Kesho Erasmo anafika," alisema Justa baadaye, kana kwamba anazungumza na nazi. "Mwenyekiti kapigiwa simu."

"Najua, wifi."

"Basi."

"Basi," alisema Antonia.

*

Edwin alirudi kwa basi la asubuhi, kifaa kimefungwa kwenye gunia, akapita moja kwa moja jikoni kwa mama yake mkubwa kutafuta chai. Akapita katikati ya mapipa.

"Shikamoo, mama mkubwa. Kumefurika?"

"Marahaba. Waulize wenzako."

"Nimewauliza. Wamesikitika sana. Wanasema yule mzee aliwaambia kuwa mama anayewapikia hana maji, anakaribia kufa kwa kiu. Waliona aibu, wachimba visima wanakula kwa mtu asiye na tone. Kila wakileta, mzee anarudi anapiga magoti kwamba hayatoshi."

Mwiko ulisimama sufuriani. "Mzee yupi?"

"Si Mzee Valentini?"

"Mwongo wewe. Mwenyewe nilimuuliza huyo mnene, ametumwa na Valentini? Akakataa."

"Alikataaje?"

Justa alitikisa kichwa, kushoto, kulia.

Edwin aliweka kikombe chini. Alianza kucheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. "Mama mkubwa, kwao Bulgaria akitikisa hivyo amekubali. Ndiyo hiyo. 'Siyo' yao ni kuinua kidevu."

Antonia aliachia mchicha. "Kwa hiyo siku ile alikubaliana na maneno yangu!"

"Na kisamvu," alisema Justa. Alijishika shavu. "Maskini mtoto wa watu, nimemshindisha njaa wiki nzima." Halafu lile jambo lingine likamfikia, polepole, kama joto la chai. Valentini ndiye aliyetuma. Alitafuta washenga wasiomjua, wasio watani wa mtu yeyote, ambao Rutamba yote isingeweza kuwacheka. Akawapa ndoo. Ila jina la aliyewatuma hakuweza kuwapa.

"Mkaniitie yule mzee—" alianza Antonia, akifunga kanga vizuri.

"Kaa chini," alisema Justa. "Asiitwe na mtu."

Erasmo alifika adhuhuri na pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mizigo. Alikuwa kijana mpole, mwenye haraka. Godoro la baba yake likapanda, kitanda cha kamba kikapanda, sanduku la spana likapanda. Watu walitoka kuaga, maana fundi baiskeli haondoki kila siku, na wageni watatu walitoka pia. Lakini Valentini mwenyewe hakuonekana. Erasmo aliita, akaita.

Ndipo akatokea upande wa kisima. Amevaa shati la kanisani, na kichwani ana ndoo. Hana ngata, mwanamume atajulia wapi ngata, kwa hiyo ndoo ilikuwa inacheza juu ya upara kama jiwe juu ya yai, na kila hatua maji yalimwingia kolani. Alipita pikipiki. Alimpita mwanawe. Akaja mpaka uani kwa Justa, umati nyuma yake.

"Hodi."

"Karibu, mtani," alisema Justa. "Umechelewa kuoga, umande umekauka."

"Sijaja kuoga."

"Na hiyo?"

"Hii ni ndoo."

"Hata mimi naona ni ndoo," alisema Antonia.

"Niimimine wapi?"

Justa alitazama ua wake. "Utamimina wapi, baba? Poland imejaza mtungi. Bulgaria imejaza pipa. Bibi Mcheki amejaza mpaka kinu. Kiatu changu ndicho kimebaki kikavu."

"Hao niliwatuma mimi!" Ndoo iliyumba, maji yakamwagika usoni, hakuyafuta maana mikono ilikuwa juu. "Niliwatuma waseme!"

"Waseme nini?"

"Wanitaje."

"Kwa lugha zako zile zote, hukuwaambia wakutaje?"

Valentini alitazama chini. Kwa mtu mwenye ndoo kichwani hilo si jambo rahisi, na wote waliona taabu yake. "Justa," alisema, "mimi najua neno moja tu."

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Mwenyekiti alimwegemea Mareki. Katekista alipaliwa tena, safari hii bila soda. "Neno moja!" "Mabandari yote yale!" "Lugha zote, neno moja!" Valentini alisimama katikati ya kicheko chao kama alivyosimama siku ya Pasaka, ametabasamu kidogo, shati limemgandama. Alijua kifuatacho. Sasa Justa atacheka, naye atacheka, ataomba mchuzi, atapanda pikipiki.

Aliinua macho amwone akicheka. Justa hakuwa anacheka.

"Mbona hunitukani?" aliuliza, na sauti ilikuwa na woga. "Mtani. Nitukane basi, nishushe hii ndoo."

Justa aliinama, akaukumbatia mtungi uliojazwa na Poland, akauinamisha wote juu ya tuta la mchicha. Mareki alishtuka, akataka kuuwahi. Lenka akamvuta shati. Maji yalikwenda mpaka miguuni mwa watu, watu wakarukaruka. Aliutikisa mpaka tone la mwisho, akaja akauweka mtungi mtupu mbele ya Valentini.

"Mimina."

Valentini alimimina. Nusu iliingia, nusu ilimwosha miguu. Alipomaliza alibaki ameshika ndoo tupu kifuani, na kwa mazoea tu, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia, akasema, "Mke wangu."

Watu walimgeukia Justa. Kila mmoja pale alijua zamu ni ya nani.

"Wifi," alinong'ona Antonia, "mjibu basi. Watu wanasubiri."

Justa alifuta mikono kwenye kanga, mmoja, kisha mwingine. Alimtazama Stoyani, akamwona anatikisa kichwa kushoto na kulia, machozi yakimtiririka kwenye masharubu.

"Erasmo, mwanangu," alisema, "shusha godoro la baba yako. Sitaki aende Newala. Nilitaka siku zote abaki hapa, anioe."